Mada Kubwa, Kurasa Chache: Barua za Wanaoandika Tasnifu ya Mwaka wa Mwisho

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofanya utafiti au mradi wa ubunifu katika lugha, fasihi, historia na sanaa. Tumezifupisha, na mahali pa majina tumeweka miji zilikotoka.

Mada imerudishwa mara tatu

*Wahariri, salaam. Nasoma Kiswahili mwaka wa tatu. Mada yangu ni "Nafasi ya mwanamke katika fasihi ya Kiswahili". Msimamizi amenirudishia mara tatu, na kila mara kaandika pembeni neno moja tu: "Punguza". Nimeongeza "katika riwaya teule" na bado haridhiki. Nipunguze mpaka wapi?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Hiyo bado ni rafu nzima ya maktaba. Maneno "riwaya teule" hayajaipunguza. Yamesitiri tu kwamba hujateua. Tasnifu ya shahada ya kwanza mara nyingi huwa na maneno 8,000 hadi 12,000. Ukitoa utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu na hitimisho, uchambuzi wenyewe unabakiwa na maneno kama 5,000, yaani kurasa 18 hivi kwa nafasi ya mstari mmoja na nusu. Swali lako lazima lienee humo na libaki na pa kupumulia.

Kipimo cha kwanza: je, data yako unaweza kuihesabu leo, kabla hujaandika lolote? Tumchukue mwanamke huyohuyo unayemtaka, tumtoe kwenye riwaya, tumvalishe kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Majina 120 yaliyokusanywa kwenye maduka na makabati ya mtaa mmoja ni data unayoweza kuishika mkononi: kila jina na kadi yake, na kwenye kadi uandike maneno yalivyo, aliyeinunua, aliyepewa, na mwaka kama unakumbukwa.

Kisha uliza kitu kimoja. Kwa mfano: jina la kanga linapomsema mtu, msemewa anatajwa kwa nafsi ipi? "Mdhaniaye siye kumbe ndiye" limejificha kwenye nafsi ya tatu; mengine yanamkabili mtu kwa nafsi ya pili, na mengine hayana nafsi yoyote, ni methali tupu kama "Wema hauozi". Hesabu, panga makundi, halafu rudi kwa wenye kanga ukaulize kama walinunua kwa ajili ya mtu fulani. Jibu linaweza kukupinga, na hapo ndipo utafiti ulipo. Mada ya "nafasi ya mwanamke" haina namna ya kukupinga, kwa sababu jibu lake ulikuwa nalo kabla hujaanza: mwanamke anakandamizwa, lakini siku hizi anapambana. Watahini wamelisoma hilo mara nyingi mno.

Kama huwezi kuiacha riwaya, chagua moja. Toa kila mazungumzo ambamo mwanamke yumo na uangalie nani anayafungua, nani anayafunga, na nani anakatwa kauli. Katika riwaya ya kurasa 150 hiyo ni kazi ya wiki mbili, na jedwali litakalotoka hapo litakuambia mambo ambayo usomaji wa kawaida hauyaoni.

Kwa kuwa umeuliza habari ya mada, tuguse na nadharia, maana tasnifu nyingi zinaumwa hapo. Nadharia huingia sura ya kwanza kwa kishindo, pamoja na wasifu wa mwasisi na orodha ya mihimili saba, kisha haionekani tena mpaka hitimisho. Jipime hivi: futa sehemu yote ya nadharia, halafu usome uchambuzi. Kama hakuna kilichoyumba, ilikuwa pambo. Dawa yake ni kuchukua mihimili miwili tu, na kila mhimili kuugeuza swali utakaloliuliza kila kadi ya data. Mhimili usiozaa swali uache.

Ikisiri

*Ikisiri iwe na maneno mangapi, na niiandike lini?*
*Mwanafunzi, Mombasa*

Maneno 200 hadi 300, isipokuwa mwongozo wa idara yako useme vingine. Iandike mwisho. Iwe na swali, data na kiasi chake, namna ulivyochambua, na ulichokipata. Hicho cha mwisho ndicho wengi wanachokisahau: wanaandika "matokeo yamejadiliwa" na kumwacha msomaji mlangoni.

Daftari la bibi

*Assalaam aleikum. Bibi ametuachia daftari lenye utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, na lugha yake ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Kurasa nyingine zimeachana, na pembe zimeliwa na wadudu. Idara imekubali niuhariri iwe tasnifu yangu. Hati nasoma kidogo, kama tulivyofundishwa chuoni utotoni. Nianzie wapi?*
*Mwanafunzi, Unguja*

Waaleikumu salaam. Anza na mambo ya kutofanya. Usibandike selotepu: gundi yake hugeuka kahawia, ikazama kwenye karatasi na kuharibu wino. Usipige lamineshi, maana haitoki tena. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji, na usianike juani kwa nia ya kuua wadudu. Daftari likae kwenye bahasha ya karatasi, lilale bapa. Mfuko wa plastiki kwa hewa ya pwani hushika unyevu, na unyevu huleta ukungu. Kama wadudu bado wamo, wapelekee watu wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani kabla hujagusa chochote; hiyo ni kazi yao.

Piga picha kurasa zote kwa mpangilio ulioukuta, hata kama umevurugika, na hata kurasa tupu. Kaa karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima mmweko wa kamera, weka rula kando ya ukurasa, na simu iwe sambamba na karatasi. Kila ukurasa upigwe mara mbili. Ukifika mezani utakuta kwamba picha yenye ukungu ni ileile ya ukurasa mgumu kuliko yote.

Sasa panga kurasa. Katika miswada ya namba hii ni kawaida kutokuwa na namba za kurasa. Badala yake, tazama chini ya ukurasa wa kulia, kwenye pembe ya kushoto: mara nyingi pana neno moja limekaa peke yake. Ndilo neno linaloanza ukurasa unaofuata. Fuata maneno hayo kama shanga kwenye uzi. Yasipokuwepo, utategemea mtiririko wa kisa. Ukurasa wa mwisho utazame kwa makini zaidi, kwa sababu mwandishi huenda ametia jina lake na tarehe ya Hijria. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Anzia hapo kukadiria, kisha utumie jedwali la kubadilisha tarehe. Na usimfanye mnakili kuwa mtunzi kwa sababu tu jina lake ndilo lililoko mwisho.

Ugumu hasa uko kwenye usomaji. Hati za Kiarabu hazikuundwa kwa sauti zetu. Herufi be inaweza kuwa b, p au mb. Fe inaweza kuwa f au v. Dali ni d au nd. Ghaini hubeba na g na ng. Irabu e na i zote hubebwa na kasira, alama ya chini ya herufi; o na u na dhuma, alama ya juu. Kwa hiyo *penda* na *pinda* yaweza kuandikwa sawasawa, na *kupa*, *kumba* na *kuba* vilevile. Wapo waandishi waliobuni alama za ziada kutenganisha sauti hizo. Basi wiki ya kwanza usisome shairi. Tengeneza orodha ya herufi za mwandishi wako huyu, kila moja na sauti zake, ukianzia maneno ambayo hayana utata.

Arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, itakusaidia, ila si kila mahali. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachokwenda utenzi mzima. Ukisoma kipande ukapata mizani 7 au 9, umekosea kusoma au mnakili amekosea kuandika. Lakini mizani haiwezi kuamua kati ya *kupa* na *kumba*, kwa kuwa "mb" haiongezi silabi. Yote mawili ni mizani miwili. Hapo utategemea kina, kama neno limeangukia mwisho wa kipande, au maana. Visipokusaidia vyote viwili, chagua usomaji mmoja na uweke wa pili kwenye tanbihi. Mtahini analiamini zaidi chapisho lenye tanbihi za mashaka kuliko lisilo na shaka hata moja.

Kosa kubwa la wahariri wapya ni kusanifisha. Kiamu kina *ndia*, *moya*, *kitwa*, *mato*. Ukiandika "macho" mahali pa *mato* na kina kilikuwa *-to*, umevunja ubeti uliokaa salama miaka yote hiyo. Panga kazi yako kwa tabaka tatu: unukuzi herufi kwa herufi kama ilivyoandikwa, usomaji wako kwa Kiamu, na maelezo kwa Kiswahili cha leo. Tabaka la kwanza halirekebishwi hata kosa likiwa wazi kama mchana.

Kiasi: beti 50 zinatosha kabisa. Utenzi ukiwa na beti 300, chukua 50 zinazofuatana. Usichague "nzuri", kwa sababu uzuri utakuwa umeuchagua wewe na hutaweza kusema lolote kuhusu mwenendo wa kisa. Halafu tafuta kama ipo nakala nyingine ya utenzi huohuo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya hati hizi, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. SOAS, chuo cha masomo ya Afrika na Asia kilichoko London, nacho kina mkusanyo wake. Nakala ya pili ikipatikana, beti 30 zilizolinganishwa zina thamani kuliko 50 za nakala moja.

Siku tano za nyaraka

*Ndugu Mhariri, nitakuwa Nairobi siku tano tu, kwenye Nyaraka za Taifa. Nachunguza kodi ya vibanda katika wilaya moja ya Nyanza. Sijawahi kuingia chumba cha nyaraka. Nijipange vipi?*
*Mwanafunzi, Eldoret*

Jipange kabla ya kupanda matatu. Omba mapema kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na uwe na barua ya idara na kitambulisho. Kisha soma tasnifu na vitabu vya wengine waliofanyia kazi eneo hilohilo, na kwenye tanbihi zao uchukue namba za mafaili. Faili za mkoa huo zimeanza na PC/NZA, na za wilaya huanza na DC. Ukifika mlangoni na namba 20 mkononi, siku ya kwanza haipotei.

Siku ya kwanza soma orodha za mafaili na uagize. Baada ya hapo tegemea kupitia mafaili 8 hadi 10 kwa siku, siyo zaidi. Penseli tu, kalamu ya wino iache kwenye mkoba. Kila faili, picha ya kwanza iwe ya jalada lenye namba. Msiba wa kawaida ni huu: mtu anarudi nyumbani na picha 900 nzuri, na hajui hata moja imetoka faili gani. Sambamba na picha, jaza jedwali: namba ya faili, tarehe ya barua, nani kamwandikia nani, muhtasari wa mstari mmoja, namba ya picha. Jedwali likilala bila kujazwa usiku mmoja, kesho yake huwezi tena.

Ripoti ya mwaka, bwana wilaya (mkuu wa wilaya wa kikoloni) alimwandikia mkubwa wake. Akisema kodi ililipwa "bila shida", tafuta barua za malalamiko na kesi za mwaka huohuo. Faili iliyoorodheshwa lakini haipatikani, iandike pia, na tarehe uliyoiomba.

Nyimbo za unyago

*Wahariri, hamjambo? Nataka kurekodi nyimbo za unyago kijijini kwetu. Nina simu tu. Mama wadogo wamekubali kuniimbia. Kuna la zaidi?*
*Mwanafunzi, Mtwara*

Lipo. Kukubali kwa mama wadogo hakutoshi, kwa sababu nyimbo hizo si mali yao peke yao. Nenda kwa nyakanga, mkuu wa unyago, na uende na mtu mzima wa kukutambulisha. Muulize mambo matatu: wimbo upi unaweza kuchapwa mzima, upi utajwe kwa muhtasari tu, na upi usiingie kwenye karatasi kabisa. Jibu lake lirekodi. Kisha mweleze msimamizi mapema, kwa kuwa tasnifu huishia maktaba na pengine kwenye tovuti ya chuo, ambako kijana yeyote wa kiume ataisoma. Idara nyingi zinakubali kiambatisho cha watahini peke yao, lakini hawawezi kukubali usichowaomba.

Takrima nayo iamuliwe kabla: nauli, sabuni, sukari, chochote kilicho desturi. Iandike kwenye sura ya mbinu bila aibu.

Simu inatosha ukiitendea haki. Iweke katika hali ya ndege, kwa maana simu ikiita katikati ya wimbo hakuna wa kuurudia kwa namna ileile. Tumia programu inayohifadhi WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa; saa moja kwa 48 kHz, biti 24, sauti ya mkondo mmoja, inakula kama MB 520, kwa hiyo hakikisha nafasi. Mwimbaji mmoja: simu ikae sentimita 20 hadi 30 toka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Palipo na ngoma, rudi nyuma mita 3 au 4 na ukae upande wa waimbaji, la sivyo ngoma itameza maneno. Kipimo cha sauti kisipande juu ya −12 dB. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kila rekodi ianze kwa wewe kutaja tarehe, mahali na waliopo.

Usitume rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, maana inabanwa na herufi kama s na f zinaungua; ikilazimu, itume kama faili. Jioni hiyohiyo weka nakala mbili, moja kwenye fleshi na nyingine kwa mtu au mahali pengine.

Unukuzi ndio unaowavunja watu mgongo. Saa moja ya mahojiano ni saa 5 au 6 za kuandika, na nyimbo zenye vibwagizo na maneno ya zamani ni zaidi ya hapo. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck, Nijmegen, hupatikana bure na hufunga kila mstari kwenye sekunde yake. Ukiwa na dakika 40 za nyimbo zilizonukuliwa vizuri, acha kurekodi.

Picha kumi na mbili

*Mradi wangu ni wa uchoraji: picha 12 kwa mtindo wa Tingatinga kuhusu wachuuzi wa Kariakoo. Nimeambiwa niandike na taarifa ya maneno 4,000. Picha si zinajieleza? Tena nimebakiza miezi miwili.*
*Mwanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam*

Picha zinajieleza kwa mtazamaji, ndugu yetu. Mtahini anataka kujua kitu kingine: uliamua nini, ukaacha nini, kwa sababu gani. Taarifa mbovu ni ile inayopita picha moja moja ikisema "hapa nilitaka kuonesha mateso ya mchuuzi". Nzuri husema: michoro ya kwanza ilikuwa na watu wengi, wakawa wanazama kwenye ardhi ya rangi moja ambayo mtindo huu unaitaka, hivyo nikawapunguza wakabaki wawili. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Ukitumia turubai na rangi za akriliki umeshafanya uamuzi, na sababu yake iandike. Swali lenye nyama kwenye mradi wako ni hili: mtindo uliokulia kwenye wanyama na ndege unafanya nini ukipewa barabara, mkokoteni na umati? Maneno 4,000 yatakuwa machache.

Anza leo daftari la kazi. Kila siku mistari mitatu na picha ya simu ya ulipofikia. Wanaolitunga daftari wiki ya mwisho hujulikana: lina hekima nyingi na halina kosa hata moja.

Upande wa vifaa, hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Nunua mbili, vinne vya ziada ni vya kuharibu. Paka rangi ya kwanza pande zote mbili, maana upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine usinywe, ubao unapinda. Nyuma gongomea fremu ya mbao. Rangi ya mafuta hushikika baada ya siku moja, lakini ndani bado mbichi; ukizipanga picha moja juu ya nyingine siku ya tatu zinagandana uso kwa uso. Zipe wiki mbili, kwa hiyo brashi iwekwe chini wiki mbili kabla ya maonyesho. Wakati wa kutundika, kitovu cha kila picha kikae sentimita 150 toka sakafuni, picha kubwa kwa ndogo. Ukipanga kwa kingo za juu ukuta unaonekana umelegea.

Msimamizi hajui Kiswahili

*Wazazi wangu ni Wakongo, nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa nasoma Marekani. Niko kwenye programu ya "honors", na nataka kuandika historia simulizi ya mama watano wa kanisani kwetu. Msimamizi wangu ni mwanahistoria lakini hajui Kiswahili. Nahitaji kibali cha maadili?*
*Mwanafunzi, Ohio*

Kwanza jina, maana linaleta balaa kwenye wasifu wa kazi: usiitafsiri kuwa "shahada ya heshima". Hiyo ni ile anayotunukiwa rais au msanii bila kukaa darasani. Sema "tasnifu ya daraja la juu".

Kuhusu kibali: kanuni za serikali ya Marekani zilizorekebishwa, zinazotumika tangu Januari 2019, zinaitoa historia simulizi kwenye kile kinachohesabiwa kuwa utafiti juu ya binadamu, mradi unazungumzia watu hao mahsusi. Ukianza kusema "wakimbizi Wakongo kwa jumla huhisi hivi", umerudi ndani ya kanuni. Hata hivyo uamuzi si wako wala si wa msimamizi. Andikia ofisi ya maadili ya chuo nusu ukurasa kabla ya mahojiano ya kwanza, na jibu lao litunze. Kibali kinachoombwa baada ya kurekodi kwa kawaida hakitolewi.

Omba msomaji wa pili anayejua lugha, hata kama yuko chuo kingine. Kila dondoo liweke safu mbili, maneno ya mama kushoto na tafsiri kulia, na uulize mapema kama safu zote mbili zinahesabiwa kwenye idadi ya maneno. Na Kiswahili chao kibaki chao. Mama akisema *batoto*, andika *batoto*. Ukimrekebisha, umemwondolea Kongo mdomoni.

Mashairi kwenye kiambatisho

*Naweza kuweka diwani nzima kama kiambatisho?*
*Mwanafunzi, Nairobi*

Hapana, kama mtunzi yu hai au hajafikisha miaka 50 tangu afariki; huo ndio muda wa ulinzi kwa sheria ya Kenya ya 2001, na kwa ile ya Tanzania Bara ya 1999. Nukuu beti unazozichambua tu. Utenzi wa karne ya 19 wenyewe uko huru, ila tanbihi na tafsiri za mhariri wa juzi haziko huru.

Wiki tatu zimebaki

*Msimamizi hajibu barua pepe tangu mwezi uliopita. Nina sura tatu kati ya tano. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Barua pepe yenye sura tatu na maneno "naomba maoni yako" inaogopesha hata mtu mwema. Tuma sura moja, na maswali mawili yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Chini andika: "Nisipopata maelekezo hadi Ijumaa, nitaendelea kwa njia hii." Ijumaa ikipita, nenda ofisini kwake, kisha kwa mratibu wa tasnifu, ukiwa na nakala za barua ulizotuma. Nenda kwa heshima, bila mashtaka.

Sura mbili zilizobaki: wiki ya kwanza uchambuzi, hata ukiwa mbaya, wiki ya pili hitimisho na kusawazisha marejeo, wiki ya tatu usiandike kitu kipya. Siku nne za mwisho ni za kusoma kwa sauti, kuchapa na kujalidi. Pambizo la kushoto liwe sentimita 4, mjalidi asije akameza maneno. Na steshenari nenda na PDF, si faili la Word. Kompyuta yao ikikosa fonti yako itaweka nyingine, namba za kurasa zitahama zote, na kama kuna hati za Kiarabu zitageuka vijisanduku vitupu.